Kufundisha jiografia na uraia kwa ramani za simu: mwongozo kamili kwa mwalimu mwenye simu moja na bando la kubahatisha

Walimu wenzangu, niseme ukweli kabla hatujafika mbali, mimi mada ya ramani niliifundisha miaka kadhaa bila kuipenda. Unaingia darasani na ile ramani ya ukutani iliyochanika pale Kigoma, unawaambia watoto hii Dodoma, hii Mtwara, wananakili, wanapaka maziwa rangi ya bluu, mtihani ukija mtoto anajua Rufiji inamwaga maji wapi ila ukimuuliza mtaro wa nyuma ya choo cha shule unamwaga wapi anakutolea macho. Sasa siku moja nikafungua ramani kwenye simu yangu nikamwonyesha mwanafunzi mtaa wetu huku Temeke, akaangalia weee, akasogeza huku na huku kwa kidole, mwisho akauliza, "Mwalimu, mbona kwetu hakuna?"

Kweli hakukuwepo. Barabara ya lami ipo, kituo cha mafuta kipo, ila vichochoro vya kwao na bomba wanalochotea maji, kweupe kabisa. Nikajikuta nimekwama, maana lile swali lina jiografia na uraia humo humo: nani kaamua kwao kusiwepo? Mwongozo huu ndio jibu langu nililolitafuta tangu siku hiyo, na msimamo wangu nautaja mapema ili nisikupotezee muda kama hukubaliani nao: watoto waanze kwa miguu na penseli, simu ije baadaye, na kazi isiishie darasani, iishie mezani kwa serikali ya mtaa. Ukianza na simu utapata watoto wanaojua kubonyeza tu.

Ramani ninayoitumia ni OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inafanya kazi kama Wikipedia, yeyote anafungua akaunti anaongeza kitu na yeyote anaweza kumsahihisha. Na usidhani ni mambo ya Ulaya. Pale Kibera, Nairobi, vijana walianza kuchora kwao mwaka 2009 kupitia mradi wa Map Kibera, maana kabla ya hapo kwenye ramani nyingi eneo lote lile lilikuwa kama pori. Hapa Dar ikaja Ramani Huria mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi wakazunguka na wananchi kata kwa kata hasa zile zinazofurika, wakachora mitaro, madaraja, vichochoro. Waliokuwepo mafuriko ya Desemba 2011 wanajua kwa nini mtaro mmoja kwenye ramani ni kitu cha maana.

Kwanza tafuta swali

Usiwaambie watoto "leo tutajifunza ramani". Waambie swali, moja tu, na liwe linalowakera wao wenyewe. Mifano niliyoona inafanya kazi: mabomba ya maji yako wapi na yapi yanatoa, mitaro ipi imeziba, watoto wanavukia barabara wapi, takataka zinaishia wapi, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anaweza kufika zahanati kwa njia gani bila kubebwa. Kosa nililofanya mwaka wa kwanza nilitaka vyote kwa pamoja, maduka, misikiti, makanisa, saluni, vibanda vya chipsi, nikarudi na makaratasi rundo ambayo mpaka leo sijayamaliza. Chagua moja. Mwongozo huu nitatumia mfano wa mabomba ya maji kwa sababu ndio tuliofanya tukamaliza.

Ruhusa, hapa usiruke

Mkuu wa shule ajue. Wazazi wasaini karatasi. Halafu, na hapa wengi wanajisahau, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya shule yenye muhuri, muone mwenyekiti au mtendaji, mweleze siku na saa mtakayopita na mtaandika nini. Mimi mara ya kwanza nilimaliza kwa mkuu wa shule nikaona yatosha. Tumefika kichochoro cha pili, mama mmoja anafua kaona watoto wenye makaratasi wanahesabu hatua mbele ya nyumba yake, akasimama na povu mikononi, "Nyie mnapima nini hapo? Mnatubomolea?" Ndani ya dakika tano tukawa na kundi la watu, mzee mmoja anatafuta alama ya X ukutani kwake kama tumeshaipiga. Na huwezi kuwalaumu, mtu aliyeona jirani yake anapigiwa X nyekundu halafu linakuja tingatinga hawezi kumchekea mtu mwenye ramani. Tuliokolewa na mjumbe aliyekuwa anapita. Safari ya pili tulitembea na mjumbe tangu mwanzo, watu wakawa wanatuita wenyewe, "njooni na huku, kuna bomba lilikufa tangu mwaka juzi".

Hilo somo la uraia sikulipanga ila lilikuwa zuri kuliko yote: ramani ni kitu cha mamlaka, mtu akiona unachora kwake ana haki ya kuuliza unachora kwa niaba ya nani.

Vifaa

Wanafunzi simu shuleni hawaruhusiwi, tunajua, kwa hiyo hesabu yako iwe simu moja ya mwalimu, ukipata mbili ni sikukuu. Simu yoyote ya Android yenye GPS inatosha. Kitu ambacho walimu wengi hawakiamini mpaka wakione: GPS haili bando. Simu inasikiliza setilaiti tu, bando linaliwa na picha ya ramani inayoshuka. Ukishaidaunlodi ramani nyumbani kwenye waifai, ukazima data kabisa, kile kidoti cha bluu bado kitakufuata barabarani.

Apu ninazozitumia ni hizi. Organic Maps kwa kusoma ramani bila intaneti, unashusha Tanzania mara moja basi. StreetComplete kwa kukusanya taarifa ndogo ndogo, yenyewe inakuuliza maswali ukiwa umesimama mahali, barabara hii ina lami au vumbi, jengo hili lina ghorofa ngapi, watoto wanaipenda kwa sababu inafanana na gemu. Every Door kwa kuongeza sehemu mpya kama bomba au duka. Kama una fomu yenye maswali mengi basi KoboToolbox, unatengeneza fomu kwa kompyuta unaijaza kwenye simu hata pasipo na mtandao, inatuma baadaye. Kwa kompyuta unahitaji brauza tu. Kuna na QGIS ambayo ni programu kubwa ya kitaalamu na ni bure, ila kwa shule ya msingi achana nayo, kwa sekondari yenye maabara ya kompyuta inayofanya kazi jaribu ukishapata uzoefu.

Na rula, futi kamba ya fundi, penseli, mbao za kuandikia (kipande cha boksi gumu na kibanio cha nguo kinatosha). Pawabenki, maana umeme hauna rafiki.

Kipindi cha kwanza: ramani ya kichwani

Kila mtoto karatasi moja, dakika ishirini, achore njia ya nyumbani mpaka shule bila kuangalia popote. Usisahihishe kitu. Utaona maajabu. Kuna aliyechora kibanda cha chipsi kikubwa kuliko shule nzima. Msichana mmoja alichora njia inayozunguka sana, nikamuuliza mbona hukati hapa katikati, akasema hapo kuna vijana wa kijiweni hapiti. Mvulana anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake alichora njia imenyooka. Bandika zote ukutani, waulize zinatofautiana nini, na wao wenyewe watasema mambo ambayo kitabu kinayaita skeli, alama, uelekeo. Pale nawauliza kaskazini iko wapi, hawajui, tunatoka nje asubuhi tunaangalia jua linakotokea, tunapata mashariki, mengine tunayapanga kwa mikono.

Zile karatasi zitunze. Zina thamani baadaye.

Kipindi cha pili: kupima kwa hatua

Chukua futi kamba, pima mita 100 uwanjani, kila mtoto atembee kawaida akihesabu hatua, afanye mara tatu atafute wastani. Mtoto wa darasa la sita kwangu huwa anacheza kwenye hatua 150 mpaka 170. Akishajua yake ni 160, basi popote atakapotembea hatua 480 anajua ametembea mita 300. Hapo umefundisha wastani, uwiano na umbali kwa pamoja, mwalimu wa hisabati atakushukuru.

Kipindi cha tatu: ramani ya simu na zile namba mbili

Sasa ndio simu au projekta inaingia. Kama hamna projekta chapisha picha mbili za A4: picha ya setilaiti ya mtaa wenu na ramani ya OpenStreetMap ya sehemu ile ile. Waache watafute shule. Halafu watafute kilichopo kwenye picha na hakipo kwenye ramani, wazungushie kwa kalamu nyekundu. Waambie pia picha ya setilaiti ina umri, kwetu kuna ukumbi wa harusi uliovunjwa zamani ila kwenye picha bado umesimama, watoto walicheka sana.

Latitudo na longitudo nilikuwa nafundisha kwa machungwa na duara, sasa hivi nafundisha kwa makosa. Katikati ya Dar es Salaam ni kama -6.8, 39.28. Namba ya kwanza ni latitudo, ile alama ya kutoa maana yake kusini mwa Ikweta. Wape watoto kazi ya kuiharibu. Ondoa alama ya kutoa, tafuta 6.8, 39.28, umeshafika Ethiopia. Geuza namba, andika 39.28, -6.8, unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Geuza halafu usahau na kutoa, 39.28, 6.8, unazama Bahari ya Mediterania. Mtoto aliyezama Mediterania mara moja hasahau tena alama ya kutoa, nakuhakikishia. Halafu wapeleke kwenye desimali: nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo desimali nne zinakuweka ndani ya mita 11 hivi na desimali tano ni kama mita moja. Ukiona simu inakupa desimali saba usidanganyike, simu ya kawaida uwanjani pa wazi inakosea mita tatu mpaka tano, katikati ya nyumba zilizobanana au chini ya mabati inakosea zaidi.

Kwa walimu wa sekondari wenye ile mada ya kusoma ramani za topografia, zile za 1:50,000 ambazo shule nyingi zina nakala moja imefifia, fungua OpenTopoMap kwenye brauza, ina kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Mwanafunzi anaona kontua za kilima anachokijua, anachungulia dirishani anakiona chenyewe.

Kuchapisha, na mtego wa steshenari

Kwenye tovuti ya OpenStreetMap upande wa kulia kuna kitufe cha kushirikisha, ukikibonyeza unapata nafasi ya kudaunlodi picha ya ramani na kuchagua skeli. Kwa kutembea mtaani chagua 1:2,500, sentimita moja ni mita 25, A4 moja inabeba kama mita 450 kwa 650 ukitoa pembezoni. Kata eneo lenu vipande vinne au vitano, kila kundi kipande chake.

Sasa mtego. Nilipeleka faili steshenari, kijana akachapa vizuri tu, tukatoka nazo, watoto wakapima kwa rula kutoka geti la shule mpaka sokoni wakapata namba, wakatembea kwa hatua wakapata namba nyingine, makundi yote manne yalikosea kwa kiasi kile kile. Nilihangaika siku mbili nikilaumu hatua za watoto. Kumbe kompyuta ya steshenari ilikuwa imewekwa ibane picha iingie kwenye karatasi, skeli yote ikawa imekufa. Tangu hapo, kabla ya kulipa, napima. Na nawafundisha watoto wachore skeli ya mstari pembeni ya ramani, maana mstari ukibanwa unabanwa pamoja na ramani, ila maneno "1:2,500" yanabaki yanadanganya.

Siku ya kutembea

Makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mtu mzima mmoja. Wa kwanza anashika ramani, wa pili anahesabu hatua, wa tatu anaandika, wa nne anauliza watu, wa tano anaangalia magari na pikipiki na kazi yake ni hiyo tu. Wabadilishane katikati. Tulitoka saa mbili asubuhi tukarudi saa nne, zaidi ya hapo jua linawamaliza.

Fomu yetu ilikuwa na safu chache: namba ya kitu kama ilivyoandikwa kwenye ramani, kitu gani, kinafanya kazi leo au hakifanyi, nani ametuambia (mwenye duka, mama anayechota, mjumbe, jina lake hatuandiki), maelezo. Hiyo safu ya nani ametuambia naipigania sana. Bomba namba 7 mtoto aliandika "bovu". Nikamuuliza umejuaje, akasema nimefungua halijatoa. Tukamuuliza mama wa jirani, akasema linatoa usiku tu saa nane mpaka saa kumi. Hilo bomba si bovu, ila si zima pia, na tukabadilisha fomu pale pale tukaongeza safu ya saa linapotoa.

Majina ya njia nayo yana vituko. Tangu ile kazi ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina vibao vyenye majina na nyumba zina namba, ila uliza wenyeji watakupa jina lingine kabisa. Kwetu kuna njia yenye kibao kizuri cha jina ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka, bodaboda wote wanaiita kwa jina la mama aliyekuwa anauza maandazi pale. Waandike yote mawili. OpenStreetMap ina nafasi ya jina na nafasi ya jina lingine, na mjadala wa lipi liwe la kwanza ulichukua kipindi kizima, sikuuzuia.

Usalama kwa ufupi: hakuna kuingia ndani ya ua wa mtu, hakuna kupiga picha za watu wala watoto, na kama unarekodi njia kwa GPS anza na umalize kwenye geti la shule, usirekodi mtoto akitokea kwao halafu ukaipandisha mtandaoni.

Kuingiza kwenye ramani

Akaunti iwe ya mwalimu, moja. Nenda openstreetmap.org, jisajili, ingia, sogea mpaka mtaani kwenu, bonyeza kuhariri. Kitafunguka kihariri kinachoitwa iD chenye picha ya setilaiti nyuma na kitakupa mafunzo ya dakika chache, yafanye, usijifanye mjuaji. Kuongeza bomba unachagua nukta, unaibandika mahali pake, unaandika aina yake kwenye kisanduku cha kutafuta, menyu ikigoma kwa Kiswahili andika water tap. Kichochoro unachora kama mstari na uhakikishe ncha yake imeshikana na barabara kubwa, isiposhikana apu ya kuonyesha njia itaona hapapitiki. Ukimaliza bonyeza kuhifadhi, andika maelezo mafupi, mfano "mabomba ya maji yaliyohakikiwa kwa kutembea na wanafunzi". Baada ya dakika chache yataonekana dunia nzima. Hapo darasani kwangu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Mambo matatu usifanye. Usinakili kutoka Google Maps, ile ina haki zake, OpenStreetMap inataka ulichokiona mwenyewe au picha zilizoruhusiwa ndani ya kihariri. Usiweke majina ya watu wala nyumba ya fulani. Na usiweke maoni.

Hili la maoni ngoja nilitulie kidogo maana ndilo lenye uraia mwingi. Watoto walitaka kuweka "sehemu ya wahuni" pale kijiweni. Je, mtu mwingine akienda kesho ataukuta huo uhuni kama anavyolikuta bomba? Vijana wenyewe waliokaa pale wakiona watasemaje, na kama mmoja ni kaka yako? Tukakubaliana kanuni: kinachoweza kuhakikiwa na mgeni yeyote akifika kinaingia OpenStreetMap, kinachotokana na hisia zetu kinakaa kwenye ramani yetu ya darasa. Ramani ya darasa tunaitengeneza kwa uMap, ni bure, unaweka tabaka zako juu ya OpenStreetMap, mfano tabaka la mabomba yanayotoa, tabaka la yasiyotoa, tabaka la sehemu tunazoogopa. Unaweza kuitumia hata bila akaunti ila itakupa linki ya siri ya kuhariri, iandike mahali mbili. Mimi niliipoteza moja, na ramani yake ipo tu mtandaoni siwezi kuigusa.

Kurudi darasani kupiga hesabu

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 kwa upande wa vijijini iliweka kipimo kizuri sana cha kufundishia: lita 25 za maji kwa mtu kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Sisi ni mjini, ila kipimo tulikiazima. Chapisha ramani kwa 1:10,000, hapo mita 400 ni sentimita 4, watoto wanachukua bikari wanachora duara kuzunguka kila bomba. Kwanza mabomba yote: mtaa karibu wote umefunikwa, kila mtu kafurahi. Halafu karatasi mpya, mabomba yanayotoa mchana tu: upande wa bondeni wote ukabaki mweupe. Darasa likanyamaza.

Halafu muulize mtoto anayekaa bondeni, lakini wewe uko ndani ya duara la bomba namba 3, mbona unasema mbali? Kwa sababu duara linaruka kama ndege, yeye anazunguka mtaro mpaka darajani. Pima njia yenyewe kwa uzi juu ya ramani, linganisha na rula. Kwetu mita 310 za rula zilikuwa mita 700 na ushee za miguu. Hapo zitoe zile ramani za kichwani za kipindi cha kwanza, utaona yule aliyechora njia ndefu alikuwa sahihi kuliko simu.

Kupeleka kwa mwenye kazi yake

Kabla ya kwenda popote watoto wajue nani anahusika na nini, maana kulalamika kwa asiyehusika ni kupoteza nauli. Maji ya Dar ni DAWASA, vijijini ni RUWASA. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani ni TARURA. Mtaa una mwenyekiti na kamati yake, kata ina diwani ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, juu kuna halmashauri. Hii wanaikariri kwenye uraia kila mwaka, ila wakiichora juu ya ramani, barabara za TANROADS rangi moja na za TARURA rangi nyingine, inakaa kichwani.

Barua iwe ukurasa mmoja, iandikwe na watoto, ramani moja, hesabu tatu, ombi moja. Letu halikuwa "tuleteeni maji", lilikuwa ratiba ya mgao ibandikwe ofisi ya mtaa ili watu wajue saa. Ombi dogo linajibika. Fanyeni mazoezi darasani, mmoja awe mwenyekiti mwenye haraka, mwingine mtendaji anayesema bajeti hakuna, mtoto ajifunze kujibu kwa adabu, "Shikamoo mheshimiwa, tunaelewa bajeti, tunaomba ratiba tu." Wakati wa kukabidhi uwaache waongee wao, wewe kaa nyuma hata kama wanakosea.

Sisi tulipokelewa, tukapewa soda, tukaambiwa tutaangalia. Ratiba ilibandikwa baada ya wiki kama sita hivi, ikakaa, ikachanika, haijarudishwa. Mabomba mawili yalitengenezwa ila sijui kama ni kwa sababu yetu, na watoto niliwaambia hivyo hivyo.

Nakala ya ramani tuliyoacha pale ofisini ilibandikwa ukutani kwa gundi karibu na tangazo la chanjo. Pembeni chini tulikuwa tumeandika tarehe, na hili ulifanye kila mara, ramani ya mabomba isiyo na tarehe haina kazi. Niliporudi muhula uliofuata na darasa jipya nikakuta mtu amechora nukta kwa biro upande wa kanisani, na maneno "hapa kuna bomba jingine mmesahau". Tukaenda kuangalia. Lipo, linatoa, liko nyuma ya mwembe. Likawa namba 12.